Mafuta Aliyoyasema Daktari

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa nina hakika nayo kwa sababu niliikodolea macho ile ya ukutani, nisije nikamtazama daktari wala Bibi. Daktari alikuwa ameniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda Kikatiti: "Mjukuu, hebu muulize bibi, hedhi yake ilikoma lini?"

Bibi anajua Kiswahili cha sokoni. Cha hospitali anasema kinakimbia mno, ndiyo maana Mama, ambaye alikuwa kazini, alinituma mimi niliyekuwa likizo kijijini kwa Bibi, Akheri, nikawe mkalimani. Kimeru changu ni cha mtoto aliyekulia mjini, Sokon One: nasalimia, naitikia, nikitumwa maji naelewa. Ila siku ile hata ningekuwa na Kimeru chote cha Akheri kisingenisaidia. Nitamuulizaje bibi yangu, mjane wa mzee wa kanisa, habari za hedhi? Nikajibu mwenyewe. "Zamani, daktari."

Daktari akaeleza. Mwanamke akishakoma hedhi, alisema, mwili hauachi kutengeneza homoni ya kike. Mafuta ya mwilini, haya ya kiunoni na tumboni, huendelea kuitengeneza. Uvimbe wa aina ya Bibi unaitumia homoni hiyo kukua, kwa hiyo huenda mafuta hayo yamechangia, ingawa hakuna awezaye kusema kwa hakika. Vidonge vitaizuia homoni, uvimbe unywee, kisha afanyiwe upasuaji. "Na umwambie siyo kosa lake. Asijilaumu, wala asijinyime chakula. Namtaka na nguvu zake."

Masikio yangu yalikuwa bado yanawaka kwa lile swali la kwanza. Nikamgeukia Bibi, nikaokoteza Kimeru: uvimbe wa hapo unakuzwa na mafuta, umeze dawa. Titi nililiita "hapo". Neno mafuta nililiacha kwa Kiswahili, sikujua lingine.

"Mafuta?" Bibi akauliza.

"Mafuta."

Akatikisa kichwa polepole, akauvuta mtandio wake kifuani.

Bibi alikuwa mnene, na hakuwa mtu wa kuuonea haya unene. Wamama wa kanisani wakimwambia "Umenawiri!" alikuwa akijibu, "Ni maziwa, na kutosengenya watu kama nyie." Siku ya tatu nilikwenda kumwaga maganda ya ndizi migombani, nikakuta kopo lake la mafuta ya mgando limetupwa, nalo halijafika hata nusu. Mchana akakataa mchuzi. "Una mafuta huo." Akala ndizi za kuchemsha na chumvi. Kesho yake akayakataa maziwa.

Nilielewa hapohapo, nikanyamaza. Kumrekebisha kungenilazimu kuyasema yale yote niliyoyaruka. Tena nikajiambia, si daktari kasema mafuta ya mwilini yanachangia? Basi akipungua si ndiyo vizuri? Gauni likizidi kumpwaya, najiambia hivyo. Baridi ya mwezi wa sita ikamkuta bila mafuta, miguu ikapauka, visigino vikapasuka hadi akawa anakanyagia vidole.

Baada ya wiki nne tulirudi, safari hii Mama akiwepo. Bibi akapanda kwenye mizani. Daktari akatazama, akamshusha, akampandisha tena.

"Bibi, imekuwaje? Nani amekukataza kula?"

Bibi hakunisubiri. "Si wewe? Umesema mafuta."

Daktari akanigeukia. Mama naye akanigeukia. Mimi nikaitazama saa.

Upasuaji ukaahirishwa. Damu yake imepungua, daktari alisema, kwanza ale, na tuombe uvimbe usitutangulie.

Jioni ile tulikuwa wawili jikoni Akheri, Bibi kwenye kigoda chake. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Siyo mafuta ya kupaka, Bibi. Wala ya kupikia. Ni ya mwilini. Na alisema siyo kosa lako, na ule. Alisema siku ileile. Mimi ndiye sikukuambia."

"Ulisahau?"

"Niliona aibu. Aliuliza hedhi yako ilikoma lini."

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Hilo tu, mke mwenzangu? Mwaka ule mama yako alipoolewa! Ungeniuliza." Halafu kicheko kikamwishia. Mkono wake ukaenda kifuani. "Mimi nilikuwa naupaka mafuta. Kila siku nikitoka kuoga, tangu ulipokuwa kama punje ya kahawa. Niliona haya kumwambia mama yako. Nikasema nitaulainisha, utapotea wenyewe. Sasa daktari aliposema mafuta, nikajua nimeunenepesha kwa mkono wangu."

Wiki nne alilala na hilo, chumba kimoja na mimi.

Nikalia. Yeye hakulia. Alisema tu, "Niletee hayo maziwa." Akanywa nusu kikombe, tumbo likakataa mengine.

Asubuhi nilikwenda migombani umande ukiwa bado haujakauka. Kopo lilikuwa palepale, limejaa udongo nje, kifuniko kimekaza. Nikalifuta kwa kanga, nikampelekea kitandani. Nilianza na visigino. Ngozi ilikuwa inayanywa mafuta kabla sijamaliza kusugua, nachota tena. Nikapanda hadi magotini, nikaja mikononi. Nilipofika shingoni akanishika mkono, nikadhani ananizuia.

"Na hapo," akasema, akishusha kanga. "Pamekauka mpaka panawasha. Ila taratibu, panauma."

"Kwenye titi?" nikauliza, kwa sauti.

"Kwenye titi."

Nikachota mafuta, nikayapasha kwanza viganjani.