Mpima Mto na Maneno ya Ofisi

Watu walimwita Mzee wa Rula, kwa sababu kazi yake ya miaka ishirini na miwili ilikuwa kusoma ule ubao mrefu wenye namba uliosimikwa mtoni, kisha kuiambia ofisi kuu maji yamefika wapi. Kazi ya kujivunia? Thubutu! Kibanda kimoja, meza moja, simu ya ofisi na viatu vya mpira vilivyotoboka.

Taarifa ziliandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo alipojitia kitanzi. Mwaka juzi, maji yalipojaa kidogo, aliandika "dramatic increase", yaani ongezeko la kutisha, maneno aliyoyapenda kwa sababu yalijaza mdomo. Ofisi ikashtuka, bonde zima likahamishwa, na maji yakaishia kwenye vifundo vya miguu. Alisemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Tangu hapo akapewa karatasi ya kubandika ukutani: maji yakiongezeka vidole vichache, andika "slight rise", yakipanda polepole bila kurudi nyuma, "steady rise", yakipanda nusu mita kila saa, kwa vipimo vitatu mfululizo, hapo tu ndipo uandike "sharp rise". Bila maneno hayo mawili, ofisi haikutoa gari la kuhamisha watu.

Siku hiyo mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepanda nusu mita ndani ya saa moja. Saa tano, nusu mita nyingine na zaidi. Akapiga simu ofisini.

"Vipimo vingapi?" bosi akauliza.

"Viwili. Lakini bosi, haya maji si ya mchezo. Yanabeba miti mizima."

"Subiri cha tatu, mzee. Hatutaki ya mwaka juzi."

Angebisha kwa lipi? Yaliyomkuta aliyataka mwenyewe. Basi akampigia mdogo wake wa kike, aliyekuwa akifuga kuku bondeni, mwendo wa saa nzima kutoka pale.

"Mdogo wangu, toka hapo sasa hivi. Acha kila kitu."

Akamsikia anacheka. "Kaka, na wewe! Mwaka juzi nilihama na kuku mia mbili, nikalala nao kwenye ukumbi wa shule, sitini wakafa kwa baridi. Kwani ofisi imesemaje?"

"Bado haijasema."

"Basi ikisema nitatoka. Usinipandishe presha bure."

Alimbembeleza, akamgombeza, akamwapia kwa jina la mama yao. Wapi. Alitamani kukimbia akamburute mwenyewe, lakini akiondoka, kipimo cha tatu kingesomwa na nani? Na bila hicho gari lisingetoka, si kwa mdogo wake wala kwa mtu mwingine yeyote. Akakaa kitini, hana la kufanya, akiangalia saa na kuichukia kama mtu aliyemkosea.

Saa sita kamili akasoma, akatuma: "Sharp rise." Ofisi ikapokea, ikashukuru, ikatoa gari. Dakika ishirini baadaye dereva akapiga kusema daraja la kwendea bondeni limechukuliwa na maji, hawezi kuvuka.

Simu ikaita tena. Alikuwa mdogo wake, na safari hii hakuna kicheko.

"Kaka, maji yamefika kitandani. Mlango haufunguki. Nifanye nini?"

Miaka yote hiyo amewaeleza wakubwa maji yanafanya nini, na leo ndiyo kwanza anaulizwa mtu afanye nini.

"Panda juu ya kabati," alisema. "Toboa dari."

"Kabati linaelea, kaka."

Simu ikakatika. Akapiga mara sita, mara kumi. Haipatikani.

Saa saba ikafika, na bosi akataka kipimo. Mzee wa Rula akavaa viatu vyake, akateremka mtoni huku analia waziwazi, akasoma namba, akarudi kuiandika.