Mashine Iliyobisha Hodi Bila Kuchoka

Wariara alijifunzia kompyuta Gilgil, asubuhi akiuza suruali za mitumba, mchana akifungua mashine mbovu, nyingine zikimfia mkononi. Kufikia mwaka 2007 alikuwa akitunza kompyuta za matbaa ya Madhubhai mjini Nakuru. Alhamisi moja ya Juni, kibarua hicho kilikuwa kinaning'inia kwa uzi.

"Mara ya nne hii seva inafunga," Madhubhai alisema. "Kadi za harusi zimekwama. Saa saba fundi wa Nairobi anaingia. Akifungua yeye, kazi ni yake."

"Nikifungua mimi?"

"Utapata chai, maziwa mengi."

"Chai nimekunywa kwangu, boss. Nataka mkataba wa mwaka."

"Kwanza fungua!"

Jumatatu mchoraji mmoja alikuwa ameacha kazi, na Madhubhai akabadilisha neno la siri la seva, ile kompyuta inayoweka faili za wote. Karatasi haamini, alizunguka matbaa akimnong'onezea kila mtu sikioni. Lakini wote waliingia kwa jina moja, na neno likikosewa mara kumi, seva hulifunga jina hilo. Wariara akifungua, dakika mbili haziishi, imefungwa tena.

"Nani hukumnong'onezea?"

"Hakuna! Hata mlinzi anajua."

Wariara akafuata waya unaotoka kwenye seva hadi chumba cha nyuma, kwa Kabiru, mtengeneza pleti za kuchapia. Pembeni palikuwa na kompyuta isiyo na mtu. Hujichukulia faili yenyewe kutoka kwenye seva, kwa jina lile lile la wote. Ilikuwa imeshikilia neno la zamani: inakataliwa, inabisha hodi tena, inakataliwa, inabisha tena.

"Hii haina masikio ya kunong'onezewa," Kabiru akacheka. "Weka neno jipya twende."

"Na Madhubhai akibadilisha tena mwezi ujao?"

Akiuza mitumba Gilgil, mteja aliyeuliza bei mara mia bila kununua alimzibia njia mwenye pesa. Wariara akafungua programu ya mashine hiyo na kuiandika upya. Mtandao ukipotea, subiri kidogo, jaribu tena. Lakini neno likikataliwa, simama papo hapo. Neno bovu halitengenezwi kwa kurudiwa.

Kisha akaacha lile neno bovu makusudi, akafungua seva na kuiwasha mashine.

"Unaharibu!" Madhubhai akapiga kelele mlangoni.

Mashine ikajaribu mara moja, ikaandika: *Neno limekataliwa. Muulize Madhubhai.* Ikanyamaza. Dakika tano zikapita. Mbele watu wanafanya kazi, seva haijafungwa. Ndipo akaingiza neno jipya, na kadi zikaanza kutoka.

Saa sita na nusu Madhubhai alimpigia simu fundi, aliyekuwa amefika Gilgil, akamwambia ageuze. Akamgeukia Wariara.

"Nakupa miezi sita."

"Mwaka."

"Miezi minane, mama. Minane ni mingi."

"Mwaka."

"Miezi kumi, basi!"

 Wariara alifunga zipu ya mkoba, akashika njia. Alikuwa ameshapita mashine ya kukatia karatasi aliposikia viatu vikimfuata mbio.

"Mwaka! Mwaka, we mama! Rudi tuandike."