Jaketi Zilizofungiwa Stoo

Mama mkwe wangu alizaliwa Kagunga, kijiji cha ziwani, akaolewa Ujiji, na safari alizofanya ziwani kati ya huko na huku ni nyingi kuliko mimi nilivyopanda basi. Zote alikaa juu ya mzigo wa mtu. Magunia ya dagaa, madumu ya mawese, mikungu ya ndizi, siku nyingine mbuzi kafungwa pembeni yake. Mwaka alioanza kuumwa nyonga, tulikuwa tunachambua mchele uani, akaniambia, "Mkwe wangu, natamani siku moja niende ziwani kutembea tu. Nikae kwenye kiti, niletewe chai, niangalie milima."

Mimi ni mtu wa Njombe. Nililetwa Kigoma na kazi ya maabara, nikaolewa na Muha, nikabaki. Katika miaka yote ya ndoa yangu mama huyu hajawahi kuniomba hata kanga. Nikasema likizo yangu ya mwaka huu ni ya kwake.

Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwenye mtaa wa mafundi cherehani, kulikuwa na bwana mmoja aliyefungua ofisi ya matembezi ya boti. Siku tatu ziwani: mnaondoka Kigoma, mnateremka kusini, mnalala kwenye boti, mnaogelea kwenye fukwe zisizo na watu, mnakula samaki wa migebuka wa kuchoma. Alinionyesha picha kwenye simu. Vitanda vyeupe, vikombe juu ya kitambaa, wazungu wawili wanacheka.

Mtu anayepanga likizo ya namna hii namwambia: picha ya simu si boti. Mwambie mwenye boti akupeleke ufukweni. Panda, fungua milango, lala kwenye kitanda, ingia chooni uone kama maji yanatoka. Akikwambia boti iko safari, mwambie utasubiri irudi. Mimi aliniambia iko safari.

Nikamuuliza, "Jaketi za kujiokolea zipo?"

"Zipo, mama. Tena mpya kabisa. Ondoa wasiwasi."

Na hakusema uongo. Ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Tuliondoka asubuhi, mimi, mume wangu na mama. Abiria wengine walikuwa maharusi wapya, bwana arusi mwalimu wa Kasulu, na familia moja ya mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara. Wenye kazi walikuwa nahodha, msaidizi wake wa injini, na mwanamke aliyepika. Mama alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Alimsalimia kila mtu, "Mwakeye," mpaka mtu wa Mtwara asiyejua Kiha naye akajifunza kuitikia. Kiti chake tulikiweka upande wa kivuli, kwa sababu jua la ziwani linapiga mara mbili, juu na kutoka kwenye maji. Anayesafiri na mzazi akumbuke hilo, na achukue kofia, na sweta pia, maana upepo ukianza unasahau kama ulikuwa unatoka jasho.

Chai ililetwa. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaangalia milima, akacheka peke yake. Mume wangu alinishika bega. Niliwaza: basi, imetosha, hata tukirudi sasa hivi.

Kabla ya kula mchana nilizunguka boti nikitafuta jaketi. Hazikuwa chini ya viti wala vyumbani. Nikamfuata nahodha.

"Ziko stoo," akanionyesha kwa kidevu mlango mdogo wa mbao nyuma ya injini. Una kufuli.

"Nifungulie."

"Ufunguo anao bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Mwanga."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni jambo la kawaida, kwamba abiria wanazikalia, wanazifanya mito, watoto wanazichana, basi bosi kaamua zikae stoo. Wakaguzi wakija, anakuja naye na ufunguo.

"Tukizama je?"

"Mama, boti hii haijawahi kuzama."

Nilitaka turudi pale pale. Mume wangu akaniambia niteremshe sauti, mama anasikia, watu wako likizo, nisiwatie hofu. Nilimwangalia mume wangu kama vile nimeletewa mtu mwingine. Nimempenda kwa upole wake, lakini siku ile upole wake nilitamani kuutupa majini. Nikala samaki ambaye sikumbuki ladha yake.

Upepo ulitukuta alasiri, tukiwa mbali kidogo na nchi kavu kwa sababu nahodha alitaka kukata ghuba moja badala ya kuizunguka. Alikuwa ameona maji yanageuka rangi huko mbele. Tuliona sote. Bwana arusi alimwomba asogee ufukweni, akajibu kwamba tutachelewa kufika pa kutia nanga usiku. Kwanza vikombe vilianguka. Kisha wimbi likapanda mpaka kwenye viti, likamlowesha mama kuanzia kifuani. Mke wa mtu wa Mtwara akaanza kulia akiwakumbatia wanawe, na mama mkwe wangu, mtoto wa Kagunga, akainamia ndoo akatapika chai yake.

Hapo sikungoja ruhusa ya mtu. Jikoni kulikuwa na kipande cha nondo cha kuchokolea mkaa. Nilikichukua nikaenda stoo huku nimeshikilia ukuta. Nilipiga kufuli, halikutikisika. Mpishi akapiga kelele, "Dada, bosi atatukata mshahara!" Bwana arusi akaja, akachomeka nondo kwenye pete, tukaning'inia wote wawili. Mbao ikapasuka, kufuli likaanguka likiwa bado limefungwa.

Jaketi zilikuwa ndani ya nailoni zake. Hazijawahi kuguswa. Zinanukia duka. Nilizirarua kwa meno, nikawa nawatupia watu, wakubwa kwa wadogo. Hazikututosha. Tulipofika ya mwisho, mkono uliokuja kuipokea ulikuwa wa nahodha. Alikuwa amemwachia msaidizi usukani akaja kujitafutia yake.

Bado nilikuwa na nondo mkononi. Nasema kweli, ningempiga.

Mama akainua uso kutoka kwenye ndoo. "Mpe," akasema. "Mpe avae, arudi kwenye usukani. Na wewe baba, ukishavaa, tupeleke nchi kavu."

Akavaa. Akatupeleka. Tuliingia kwenye kighuba chenye kijiji cha wavuvi, na wanaume wa pale walikuwa wameshatuona, wakaingia majini mpaka kiunoni kupokea kamba. Mume wangu alimbeba mama mgongoni. Alipomketisha kwenye changarawe, akaja akasimama mbele yangu, akaanza kuniomba radhi. Sikumsaidia. Nilimwacha atafute maneno mwenyewe.

Watu wa kijiji walituwashia moto, wakatupa ugali na dagaa wa mawese, wakatugawia vitanda vyao. Hawakutaka chochote. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama hakuna kilichotokea, na njia ya kurudi ilikuwa boti ile ile. Nilisimama mlangoni mwa boti mpaka kila asiye na jaketi akafungiwa dumu tupu kiunoni kwa kamba. Nahodha alinuna. Mama akakaa kwenye kiti chake, akaomba chai tena, akawa anamtajia bibi arusi majina ya milima. Alifurahi, mama yule! Mimi njia nzima nilikuwa naipanga hotuba yangu, na milima sikuiona hata mmoja.

Hotuba yenyewe haikufika mbali. Bwana wa Mwanga alinipokea akiwa amekaa, akanisikiliza mpaka nilipokwama kwa pumzi, kisha akauliza, "Lakini mama, si mmerudi wote?"

Nimekutana na dharau nyingi kazini na barabarani. Hiyo ndiyo iliyonikaa. Kwamba sisi kurudi ndiyo ushahidi wake. Kwamba mwanamke aliyetapika ndani ya ndoo akifikiri anakufa kwenye ziwa lililomlea, hana malalamiko kwa kuwa hakufa. Akaongeza kwamba ule mlango wa stoo niutengeneze.

Nyumbani mume wangu alisema yaishe, mji mdogo huu. Mama akamjibu kabla yangu: "Yataisha vipi na kesho anapakia wengine?" Tukaenda bandarini, mama, mimi na yule bwana arusi, tukaeleza. Ofisa aliyetusikiliza alikwenda kuiangalia boti mwenyewe, akaukuta mlango uliopasuka na zile nailoni nilizorarua bado zimetapakaa chini. Boti ikazuiwa.

Ilikaa imefungwa muda mrefu. Ikaja kuruhusiwa ikiwa na jaketi za kutosha, zinaning'inia wazi nyuma ya kila kiti. Nimezihesabu mwenyewe kwa macho nikiwa ufukweni, na sioni haya. Anayetaka kwenda aende, ziwa letu ni zuri na mzee wako atakushukuru. Ila ashike jaketi mkononi, aivae, aifunge, kabla kamba haijafunguliwa. Na akiambiwa iko stoo, ashuke.

Nilidhani nimeshinda. Kisha nikaenda Katonga kununua dagaa, nikamkuta yule mpishi anageuza dagaa juani. Boti iliporudi kazini bosi hakumwita tena, alisema ndiye aliyenipa nondo. Nilimsalimia, akaitikia bila kuniangalia.

"Dada, mimi nilikuwa na kazi," akasema.

Nikamwambia angeweza kufa mle ndani.

"Najua. Jaketi hazikunifikia." Akaendelea kugeuza dagaa wake. "Ulinipita mara mbili."

Nilisimama na kikapu changu. Nilimwambia nitakwenda Mwanga kumwambia yule bwana kwamba nondo nilichukua mwenyewe. Akainua mabega. Nilikwenda siku ile ile, nikamkuta anacheka na wateja, na picha zile zile ziko kwenye simu. Nilisema mbele yao wote, kwa sauti, kila kitu tangu mwanzo. Wateja wawili wakasimama wakaondoka. Mpishi hakurudishwa kazini.