Saa ya Ndege Kupumzika

Kosa nitakalolieleza hapa ni langu, nami nalitaja mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta kwa wengine: niliuliza maswali bila kuwa na haja ya majibu. Ni kosa la walimu wengi, na mara nyingi huitwa nidhamu.

Katikati ya miaka ya hamsini nilifundisha darasa la nne katika shule ndogo karibu na mto Lumemo, Ifakara. Nilikuwa kijana, mzaliwa wa milima ya Mahenge, niliyesoma vitabu vingi na kulima kidogo sana. Miongoni mwa wanafunzi wangu walikuwamo watoto sita wa familia zilizotoka ng'ambo ya Ruvuma. Baba zao walikuja nchini kukata mkonge, kisha wakasikia habari za mpunga wa bonde letu, wakahamia. Wenyeji waliwaita wakuja. Mimi sikuwaita hivyo, na kwa sababu hiyo tu nilijiona mwema.

Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, hodari wa hesabu kuliko wote darasani. Mwishoni mwa mwaka kulikuwa na mtihani wa kuingia shule ya kati, nami sikuwa na shaka kwamba angefaulu. Lakini mpunga ulipoanza kukomaa alitoweka, yeye na wenzake watano. Watoto wa wenyeji nao waliamia ndege mashambani, wakiwafukuza wasile mpunga, lakini walichelewa kidogo tu, wakafika na matope miguuni. Kanuni niliyoitunga mwenyewe ilisema kwamba atakayekosa wiki tatu atafutwa katika daftari la mahudhurio, na aliyefutwa hafanyi mtihani.

Siku moja ya mvua kubwa, ndege wasiporuka, msichana yule alikuja. Nilimsimamisha mbele ya wote.

"Ulikuwa wapi?"

"Shambani, Mwalimu."

"Ukifanya nini?"

"Ndege, Mwalimu."

Sauti ikatoka nyuma: "Ndege wa wakuja wana meno!"

"Hata sisi tunao," mwingine akadakia, "mbona tumekuja?"

Darasa zima likacheka. Niliwanyamazisha, lakini hoja yao niliipenda. "Umesikia? Wenzako wana ndege na wamekuja."

Alifungua mdomo, akaziangalia zile nyuso, akaufunga. "Ndiyo, Mwalimu."

Ndiyo hiyo niliipokea kama ungamo. Mvua ilipokatika hakuonekana tena, na wiki ya tatu ilipotimia nilipiga mstari mwekundu juu ya jina lake.

Jioni hiyo kiranja wa darasa, binti wa mvuvi mwenyeji, alibaki akifuta ubao uliokwisha kufutika.

"Mwalimu, nikisema utanichapa?"

"Itategemea."

"Basi sisemi."

"Sema."

"Shamba letu liko hapo nyuma ya shule. Bibi anaamia, mimi nakuja. Wale walipewa kule mwisho, ng'ambo ya mto, kando ya matete. Ndege wakiamka wanaanzia kwao. Kwetu wanafika wameshiba."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimwuliza mbele yetu, Mwalimu, na sisi tulicheka." Akakung'uta kifutio, chaki ikamjaa usoni. "Yale ya meno niliyasema mimi." Kisha, bila kuniangalia: "Jumamosi naweza kuchukua mtumbwi wa baba. Nikupeleke?"

Tukavuka Jumamosi asubuhi. Mama wa msichana alinipokea akiwa na mtoto mgongoni, akanionyesha ngazi ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo waamiaji hukaa kutwa. Msichana alikuwa juu, kombeo begani, mkononi ameshika kamba zilizofungwa makopo. Aliponiona alitaka kushuka. Nilimwomba asishuke, nikaketi kando yake na kumwambia anieleze.

Sikupata kumkatiza hata nilipotaka, kwa maana ndege walinitangulia. Kila alipoanza sentensi kundi lilitua, akavuta kamba, akapiga kelele, kisha akarudi palepale alipoishia.

"Asubuhi hawana huruma hawa, Mwalimu. Ngoja... Haya. Na jioni pia. Lakini jua likisimama wanaingia matetini, wanapumzika mpaka saa tisa. Sisi tunakaa tu."

"Mnakaa tu?"

"Tunaangalia mto. Kwenda shule na kurudi hatuwahi. Tulisemezana sisi sita: kama Mwalimu angefika huku saa hiyo..." Akashtuka kwa aliyoyatamka.

"Mlisemezana lini?"

"Tangu mwaka jana. Hakuna aliyetuuliza."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba mvua imenyesha.

Adhuhuri makopo yalinyamaza, shamba lote likatulia. Kutoka chini kiranja akaita: "Mwalimu, wamelala hao! Shuka, viazi vinapoa."

Kuanzia Jumatatu mpaka mavuno, nilipomaliza darasa la asubuhi nilivuka na ubao mdogo, na watoto sita wakasoma kivulini chini ya dungu hadi ndege walipoamka. Wote walifanya mtihani. Mstari mwekundu haukufutika, kwa hiyo niliandika jina la msichana upya, chini kabisa ya daftari, baada ya mtu wa mwisho. Alilitafuta kwa kidole mpaka akaliona.

"Limehamia, Mwalimu."

"Limehamia, lakini limo."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Sasa nina mvi, nami bado hujilazimisha kukaa kitako kabla ya kumwuliza mtoto jambo. Siku zote zile mtumbwi ulikuwa tayari ukingoni, na aliyeshika pondo la kuusukuma hakukosa hata mara moja, wala hakudai shukrani. Majina ya watu nimeapa kutoyataja. Huyo nitamtaja kwa lile tulilomwita darasani: Kiranja.