Galoni Nililompa Mama Minza

Admin, jina langu lifiche, na kata yetu usiitaje. Sema tu Itilima, inatosha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, niliishia darasa la nne, naandika mwenyewe pole pole, mnivumilie wanangu.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao, kanisa letu lilikuwa na shamba. Mnunuzi mmoja akatuletea dawa ya wadudu kwenye magaloni. Tukapulizia, pamba ikazaa, tukamshukuru Mungu. Magaloni yalipobaki matupu mchungaji akasema yasitupwe, akina mama wapewe ya kuchotea maji. Mwenyekiti wa akina mama nilikuwa mimi. Niliyasugua kwa mchanga na majivu siku mbili, yakapelekwa mbele, yakaombewa, tukagawana kwa vigelegele. Kupata galoni wakati ule haikuwa jambo dogo.

Moja harufu ilikataa kutoka. Nililijua. Nikampa Mama Minza, jirani yangu, mwenzangu wa kulima naye. Akalinusa, akacheka.

"Mayu, mama, mbona linanuka kama shamba?"

Nikamjibu, "Limeombewa hilo. Harufu itaisha."

Langu lilikuwa halinuki. Hapo ndipo roho yangu inapokatika.

Kesho yake alibeba togwa humo kwenda kulima. Minza, mwanawe wa miaka minne, akanywa wa kwanza. Akatapika, mate yakamjaa mdomoni, zahanati hatukufika naye. Wengine wakasema kalogwa, kanisani wakasema Bwana ametwaa. Mimi nikapika msibani, nikanyamaza. Galoni nililiiba palepale, nikalitoboa kwa jembe, nikalifukia.

Sasa mwaka huu kanisa limelima tena. Magaloni yamejaa stoo, yatagawiwa Jumapili ya mavuno. Nilimfuata mchungaji wetu wa sasa, kijana mpole, nikamwomba yatobolewe, mtu asipewe. Akasema yataoshwa vizuri, akaniuliza, "Kwani mama, yamewahi kumdhuru nani hapa?"

Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Mume wangu, mzee wa kanisa, ndiye peke yake anayejua. Anasema nikisema nitalivunja kanisa, na Mama Minza nitamzikisha mtoto mara ya pili. Mimi naona kanisa lililoombea galoni lile ndilo la kusimama kuyakataa haya. Lakini litaanzaje bila mimi kusema?

Na Mama Minza kila Jumapili ananiwekea nafasi kwenye benchi, ananisomea nyimbo sikioni kwa kuwa macho yangu yamechoka. Ana mjukuu sasa, wamempa jina lilelile, Minza. Mama wa huyo mtoto yumo kwenye orodha ya watakaopewa.

Jumapili ni keshokutwa. Nikisimama nampoteza rafiki yangu wa maisha yangu yote. Nikikaa, wanangu, nitakaaje pembeni yake? Mngekuwa mimi, mngefanya nini? Niambieni upesi.