Picha ya Petro na Mama Mkwe Wake

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, ya wakati wa Mwingereza, pale kwetu Ihanja. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na kichwa kimejaa. Usidhani kujaa ni sifa. Gunia likijaa kupita kiasi mdomo wake haufungiki. Mtu akiniomba maji, kwanza niliwaza kama ni ya kunywa au ya kunawa, na nikiwa bado nawaza, mwenye kiu alikwenda kuchota mwenyewe.

Dada yangu Elizabeti alikuwa ameolewa na Petro, mtu mpole wa Sepuka. Msimu uliotangulia mtama ulikuwa umekauka shambani, na Petro alikuwa amejiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga. Lori lingemchukua baada ya sikukuu. Walikuwa na watoto wawili: Samweli, aliyekwisha kuanza kufuata mbuzi, na Neema, aliyeachishwa ziwa karibuni. Dada alikuwa na hofu moja tu.

"Huyu mdogo atamsahau baba yake," alisema. "Akirudi atamkimbia kama mgeni. Nataka picha, niwe namwonyesha uso wake."

Sikukuu hiyo alikuja Jivan, mwana wa mwenye duka mmoja wa Singida mjini. Alisimamisha kamera yake ya miguu mitatu nje ya kanisa baada ya ibada, na watu wakapanga foleni na nguo zao mpya. Dada akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Tupange wewe." Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Neema tulipomkalisha kwenye kiti, alilia. Tulipompa mama yake, alilia zaidi, maana alikuwa bado na hasira ya ziwa alilonyimwa. Unajua kwetu mtoto akiachishwa hupelekwa kulala kwa bibi. Basi siku zile Neema alitulia mahali pamoja tu duniani, magotini pa bibi yake. Na Jivan alikuwa ametuonya kwamba mtoto akitikisika atatoka kama moshi.

Lakini bibi huyo ndiye mama yangu, yaani mkwe wa Petro. Na zamani, mwanangu, mwanamume na mama wa mkewe hawakukaa pamoja wala kutazamana. Wakikutana njiani, mama alijifunika kanga akapita kando, na mkwe aligeuza uso. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima.

Nikasimama pale juani nikiwaza. Je, picha ni kukutana? Mbele ya kamera hawatazamani, kila mmoja anatazama kioo. Lakini picha ikishatoka watakuwa pamoja mchana na usiku, ukutani. Si ndiyo mbaya zaidi? Na mama akiitazama, hatakuwa amemtazama mkwe wake? Na je, akiitazama picha na Petro yuko Tanga, kosa linakuwa la nani?

Nikaenda kwa katekista. Akasema, "Kanisani wote ni wana wa Mungu. Wasimame pamoja." Nikaona ni kweli. Nikampelekea Petro neno hilo, naye akaanza kutoka jasho.

"Shemeji," alisema, "nikisimama na mkwe wangu bega kwa bega, watu watasema nilizaliwa na jiwe. Mniache. Piga watoto na mama yao tu."

"Lakini picha ni kwa ajili ya uso wako!"

"Basi piga uso wangu peke yake."

"Dada anataka watoto wakuone uko nao."

"Sasa shemeji, unataka nifanye nini?"

Nikaona naye ni kweli. Nikarudi kwa Jivan kumwuliza kama inawezekana kumpiga picha Petro leo, mama kesho, kisha awaunganishe.

"Mwalimu," Jivan akanijibu, "mimi nauza sukari na napiga picha. Miujiza ni kazi ya kanisa lako. Nimebakiza picha moja, na wingu lile linakuja. Wingu halijui Krismasi."

Kweli wingu la mvua lilikuwa limepanda. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha picha, mtoto analia, naye machozi yanamlengalenga. Nami nilikuwa katikati ya uwanja, nageuka huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

Ndipo mama aliponiita. Alikuwa nyuma ya jiko la kanisani, pamoja na wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa sikukuu, na alikuwa amesikia yote.

"Yohana. Umemwuliza katekista?"

"Ndiyo, mama."

"Umemwuliza Petro. Umemwuliza na mwenye kamera."

"Ndiyo, mama."

"Na mkwe wa Petro ni nani? Mbona yeye hujamwuliza?"

Kwa kweli sikuwa nimewaza hilo, mimi niliyewaza kila kitu. Wanawake wakacheka, na mmoja akasema chuo kile kifundishe pia kusalimia.

Mama akanawa mikono, akachungulia uwanjani. Jivan alikuwa ameingiza kichwa ndani ya kile kitambaa cheusi cha kamera.

"Yule naye mbona amejifunika?" akauliza mama. "Ana mkwe hapa?"

Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akavuta kanga yake. "Mimi njiani nikimwona mkwe wangu hufanya nini? Hujifunika. Basi leo nitajifunika nikiwa nimekaa. Nenda umwambie ageuke, niingie."

Petro akageuka. Mama akaja, akakaa kitini, akajifunika kanga mbili kuanzia utosini hadi miguuni, akawa kama kichuguu chenye maua. Tukamweka Neema juu yake. Mtoto akanusa ile kanga, akanyamaza. Samweli akasimama kando na mama yake, na Petro upande wa pili. Jivan akahesabu, na matone ya kwanza yakaanguka.

Picha ilifika kwetu Petro akiwa tayari Tanga. Dada alipoifungua, alikaa chini. Petro alikuwa ametoka amegeuza uso! Alijua ni nani aliyekuwa chini ya kanga, na shingo yake ilitii. Lilionekana sikio, shavu na ncha ya pua. Mpaka leo sijui nicheke au nisikitike: bibi hana uso, baba ana nusu. Lakini kila jioni dada aliwaonyesha watoto, "Baba huyu."

Petro aliporudi, amekonda, Neema alikuwa amekua, anakimbia. Alimtazama yule mtu mlangoni kwetu, akarudi nyuma. Kisha akamzunguka polepole, akasimama ubavuni pake, akaangalia juu, penye sikio na shavu.

"Baba," akasema.

Petro akalia pale mlangoni bila kujificha, naye mama, kule ndani, akajifunika kanga.

Basi mwanangu, sikiliza. Jambo likikutatiza, usizunguke kuuliza kila mtu isipokuwa yule linayemhusu. Kuuliza si ujinga, ila ujue pa kuanzia. Na mila usiivunje kwa sababu imekusumbua asubuhi moja. Kaa na wenyewe, watakuonyesha inapopinda. Zaidi ya hayo, usisubiri uelewe yote ndipo utende. Mimi ile picha sijaielewa bado, na ilifanya kazi yake.

Mungu akujalie wanao wakujue, hata utakaporudi umekonda, na wakujue kwa lolote utakaloweza kuwaachia. Akulinde huko uendako.