Mgeni Aliyefunika Uso kwa Pazia

Ambrose Pittman wa Merritt's Arm, kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Newfoundland, Kanada, aliongea kuliko redio, na maneno yote hayo yalimsaidia kuficha jambo moja: hakujua kusoma. Ukimpa gazeti, atakuambia ameacha miwani nyumbani. Miwani gani? Hakuwahi kuwa nayo maishani. Macho yake yaliona boya ng'ambo ya ghuba. Mkewe Philomena ndiye aliyemsomea kila kitu, kuanzia bili mpaka chupa ya dawa, na alikufa bila kutoboa siri. Jiwe la kaburi lake lilipoletwa kwa meli, padri alimuuliza Ambrose kama jina limeandikwa vizuri. Akaliangalia, akasema vizuri kabisa.

Kisha serikali ikafunga uvuvi. Samaki wamekwisha, wakasema, wavuvi wote warudi darasani wajifunze kazi nyingine. Ndivyo wanaume wenye wajukuu walivyojikuta kwenye ukumbi wa kanisa, magoti yamebanwa chini ya vimeza vya watoto. Mwalimu wao alikuwa binti kutoka Saskatchewan, ambako bahari hawaijui hata kwa harufu. Aliitwa Larysa Kozak. Siku ya kwanza akamwomba Ambrose asome aya moja.

"Miwani nimeiacha nyumbani, Mwalimu."

"Chukua yangu," Larysa akasema, kwa wema tu.

"Mpe na pua yako, Mwalimu!" Cyril Hynes akapiga kelele kutoka nyuma. Huyu alikuwa jirani na mtani wake tangu utotoni. "Hilo pua lake litaivunja!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ambrose akavaa kofia yake, akatoka, wala hakurudi. Nyumbani aliapa kwamba hakuna mtu atakayemsimamisha tena mbele za watu. Lakini kila alipopita makaburini, moyo ulimuuma. Alitaka kulisoma lile jina. Mwenye uwezo wa kumfundisha alikuwa mmoja tu, na ndiye yule yule aliyemuaibisha.

Ikaja Krismasi, na siku kumi na mbili za wageni wa vinyago. Merritt's Arm hakuna anayebisha hodi. Unasukuma mlango na kuingia jikoni kwa mwenzako. Anayebisha ni polisi, mtu wa serikali, au mgeni wa kinyago. Huyu wa mwisho amevaa nguo zisizo zake, amefunika uso, na anaongea kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane. Wenyeji hukisia jina. Akitajwa, lazima ajifunue, apewe keki na ramu. Asipotajwa, anaondoka kama alivyokuja. Ambrose aliwaza kwamba mtu asiye na uso hawezi kuaibika.

Basi akavaa gauni la Philomena, akajitia mto mgongoni, akajifunga pazia la jikoni usoni. Akaenda kubisha kwa mjane Gert Keeping, alikopanga mwalimu.

"Wageni mnaruhusu?"

"Ingia, bibi, ingia!" Gert akacheka. "Mungu wangu, kiuno hicho! Cheza basi tukuone!"

Mgeni hakucheza. Alivuta kiti akakaa karibu na Larysa, akaigonga meza kwa kidole.

"Nasikia wewe mwalimu," akasema kwa ile sauti ya kuvuta pumzi. "Nionyeshe Philomena linaandikwaje."

Lazima niseme kwamba Ambrose, kwa ujanja wake wote, alisahau kuvaa glavu. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili, vilivyochukuliwa na winchi ya kuvutia nyavu, na hata watoto wa pale waliujua mkono huo. Gert akafungua mdomo.

"Heh! Lakini huyu si... Uuwi! Mwalimu, ugoko wangu!"

"Samahani, mama, mguu umeniteleza," Larysa akasema, macho yake kwa mgeni. "Huyu lazima ni padri."

"Siye!" mgeni akajibu, roho ikamtulia.

"Basi ni Cyril Hynes."

"Cyril? Unanitukana sasa!"

"Basi simjui. Sogea, mgeni, nikuonyeshe."

Akaliandika kwa herufi kubwa, akamtajia moja moja. Mgeni akaziiga mpaka pazia likalowa jasho. Asubuhi Ambrose alikwenda makaburini, akafuta theluji kwenye jiwe, akazipitia herufi kwa kidole. Zote zilikuwepo. Alisema jina la mkewe kwa sauti, akalia kwa furaha pale pale.

Tangu hapo alirudi kwa Gert kila jioni, na pazia lake usoni. Kila jioni Larysa alimkisia vibaya, mara mpeleka barua, mara askofu mwenyewe, huku Gert akiikunja miguu yake chini ya kiti. Na kila jioni walisoma zaidi kidogo. Ikafika Krismasi ya Kale, siku ya mwisho ya vinyago.

"Mwalimu," mgeni akauliza, "mtu akija darasani bila pazia, utamwita asome?"

"Sitamwita. Nilimwita mtu siku ya kwanza nikamuumiza, na mpaka leo linanichoma." Larysa akaiweka kalamu mezani. "Mimi nilipofika hapa sikuelewa mlivyoongea. Dukani niliitikia tu, ndiyo, ndiyo, nikatoka na gunia la chumvi. Nikalia njia nzima. Kwa hiyo huyo mtu akija, akae anapotaka. Siku ya kusoma ataniambia mwenyewe."

"Na wakimcheka?"

"Wataanza na mimi."

Nyumbani, alipokuwa akivua gauni, ndipo Ambrose alipouona mkono wake. Akautazama. Akakumbuka ugoko wa Gert. Akakaa kitandani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Binti wa watu alimjua tangu jioni ya kwanza, na alikataa kumtaja ili asimfunue. Hakuona haya hata kidogo. Aliona shukrani, tena nyingi, kiasi kwamba hakujua aiweke wapi.

Masomo yalipoanza tena, akarudi darasani. "Karibu, Bwana Pittman," Larysa akasema, akaendelea na somo. Majuma yakapita, hakumwita hata mara moja. Barafu ilipoanza kupasuka kwenye ghuba, Ambrose akanyoosha ule mkono wa vidole vitatu. "Niko tayari, Mwalimu."

Akasoma ukurasa mzima, polepole, akikwama na kujikwamua. Kisha akawageukia wenzake.

"Miwani sikuwa nayo. Nilikuwa sijui kusoma, basi. Huyu hapa amenifundisha nikiwa ndani ya gauni la marehemu mke wangu, na alinijua, na hakunitaja. Asante, mwanangu. Mungu akulipe."

Larysa akainama kutafuta chaki ambayo haikuanguka. Ambrose akasubiri kicheko cha Cyril. Hakikuja. Cyril alikuwa ameikunja kofia yake mikononi, amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Na mimi," akasema. "Na mimi sijui."

Ambrose akasogea, akavuta kiti kando yake.

"Njoo hapa, mjinga wewe," akamwambia. "Tutaanza na jina lako."